HAKI HAINA ADA, LAKINI INA NAULI

Hotuba ya Mwenyekiti wa kikundi siku ya kuadhimisha miaka kumi, Sikonge

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama ishirini na watano, na leo watatu kati yetu hawapo tena duniani. Tunawaombea mapumziko mema. Nafasi zao wamezishika binti zao, na hilo linatufariji.

Taarifa ya fedha ameshaisoma mweka hazina, hatuna haja ya kuirudia. Mmesikia hisa, mmesikia mikopo, mmesikia na wadaiwa, na waliohusika wamejisikia. Sisi tulioishia darasa la saba tumepewa nafasi ya kusema neno moja, na neno tulilolichagua si la fedha. Ni la haki. Tunajua wapo wanaojiuliza moyoni, kikundi cha kuweka na kukopa kina uhusiano gani na mahakama? Tuvumilieni kidogo, tutafika.

TULIVYOANZA NA TULIVYOKOSEA

Tulianza chini ya mwembe, na sanduku la bati alilotutengenezea fundi wa hapa hapa sokoni. Lina kufuli tatu. Funguo wanazo mama watatu, sanduku anakaa nalo wa nne, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kulifungua usiku. Fedha zetu zilitoka kwenye karanga, mahindi, asali, maandazi na vibarua. Wengi wetu tunalima tumbaku pamoja na waume zetu. Tunamwagilia vitalu, tunapalilia, tunachuma, tunachambua majani daraja kwa daraja. Lakini siku ya malipo jina lililoandikwa kwenye kitabu cha chama cha msingi kwa kawaida ni la baba. Hatulaumu, ndivyo tulivyozoea. Ila ndiyo sababu tulitaka na sisi tuwe na sanduku letu.

Katiba yetu ilikuwa kurasa nne. Iliandika habari za hisa, faini ya kuchelewa, faini ya simu kulia kikaoni, na mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba. Haikuwa na neno hata moja la nini tufanye mwenzetu akidhulumiwa. Tuliona hayo ni mambo ya ukoo na ya serikali.

Basi mwaka 2017 mmoja wetu alifiwa na mumewe. Hatutamtaja jina, ingawa yupo hapa na ameturuhusu tuyaseme haya. Tulikwenda msibani, tukapika, tukatoa rambirambi kutoka mfuko wa jamii, tukarudi makwetu tukijiona tumemaliza kazi. Arobaini haijaisha, shemeji yake akaja na wazee wa ukoo. Wakamwambia lile shamba la ekari sita na ile nyumba ni mali ya ukoo, yeye alikuja na kanga zake tu, na kama anataka kubaki basi akubali kurithiwa. Mama akakataa. Akaambiwa afungashe.

Siku ya kikao alikuja kwetu akalia. Sasa sikilizeni tulichomjibu, maana hapa ndipo panapotuuma. Tulimwambia, "Vumilia dada, mambo ya ukoo hayapelekwi barazani, wanao watakuja kuchukiwa." Tukamchangia nauli arudi kwao. Jamani, nauli ya kuondoka tulikuwa nayo. Nauli ya kubaki hatukuwa nayo.

Hakutusikiliza, na leo mbele yenu tunamshukuru kwa kutotusikiliza. Alikwenda mwenyewe baraza la kata, ambalo wakati ule lilikuwa na uwezo wa kusikiliza na kuamua. Likampa shamba lake. Shemeji akakata rufaa ngazi ya juu. Mwaka 2018 uamuzi ukatoka, mama akapewa kurasa sita za Kiingereza zenye muhuri. Shemeji alitoka pale akicheka, akamwambia, "Umeshindwa, usirudi tena." Mama akazikunja zile karatasi, akaziweka chini ya kanga kwenye sanduku la nguo, akahamia kwa mwanawe kwenye chumba cha kupanga.

Hakuna aliyemsomea. Na si kosa la mtu mmoja, maana sheria yenyewe wakati ule ilisema katika baraza la ardhi na nyumba la wilaya shauri linaweza kuendeshwa kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziandikwe kwa Kiingereza. Yaani unaulizwa kwa Kiswahili, unajibu kwa Kiswahili, halafu unapewa jibu kwa lugha usiyoijua.

Miaka minne karatasi zilikaa chini ya kanga. Mwaka 2022 tulimwalika msaidizi wa kisheria aje atufundishe habari za wosia. Alikuja na baiskeli yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baada ya somo mama akamtolea zile karatasi, zimeshaanza kutobolewa na wadudu. Akasoma, akarudia kusoma, akainua kichwa akasema, "Mama, mbona hapa hukushindwa?"

Kumbe uamuzi ule haukusema shamba ni la shemeji. Ulisema shamba ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mama alikuwa hajateuliwa, kwa hiyo shauri likaondolewa. Maana yake ni nenda kateuliwe kwanza, halafu urudi. Mlango haukufungwa, ulikuwa umeegeshwa tu. Miaka minne mwenzetu alilala nje ya mlango ambao angeusukuma ungefunguka, na sisi tulilala naye, kwa sababu wote tuliliamini neno la shemeji kuliko karatasi yenye muhuri.

HUYU MSAIDIZI WA KISHERIA NI NANI

Wengine mnamwita wakili, na mwenyewe hapendi kuitwa hivyo. Tueleze kidogo.

Nchi yetu ilikuwa na sheria ya msaada wa kisheria tangu mwaka 1969, lakini ile ilihusu kesi za jinai. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuua aliwekewa wakili anayelipwa na serikali, na ilikuwa sawa kabisa, maana roho ya mtu si kitu cha kuchezea. Lakini mjane aliyenyang'anywa shamba, mke aliyefukuzwa bila hata kijiko, mtoto asiyetunzwa na baba yake, hao sheria ile haikuwagusa. Waliangaliwa na vyama vya kujitolea, kama Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC. Walifanya kazi kubwa na Mungu awabariki. Lakini ofisi zao kubwa ziko Dar es Salaam, na sisi wa Sikonge tunajua kutoka hapa mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam kwa gari moshi, mtu anafika amechoka kabla hajaanza kusema shida yake.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka huo, kwa Tanzania Bara. Sheria hiyo inasema mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupewa msaada bila malipo, na si katika jinai tu, bali hata katika madai. Ndiyo iliyomtambua rasmi msaidizi wa kisheria. Yeye kazi yake ni kutoa elimu, kumweleza mtu utaratibu, kumwelekeza chombo kinachohusika ili asizunguke, na kushauri watu wapatane pale inapowezekana. Hasimami mahakamani kama wakili, na haruhusiwi kudai malipo. Anayetaka kumjua aliyesajiliwa aulize kwa Maafisa Maendeleo ya Jamii, maana usajili wao unapitia huko. Tunalisema hili kwa sababu wapo vishoka wanaokaa karibu na ofisi za watu, wamevaa tai, wanaandika barua kwa fedha na kujiita wanasheria. Mtu akikwambia yeye ni msaidizi wa kisheria halafu anataka elfu hamsini, huyo mwache.

Mwaka 2023 ikaanza tena Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, ya kuwafuata wananchi mikoani. Tunaishukuru serikali kwa hilo. Lakini kampeni ni kama mvua ya masika, inanyesha halafu inapita. Kisima ni yule wa baiskeli anayebaki kijijini.

Tunasema haya kwa sababu sheria nzuri tumekuwa nazo siku nyingi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mwaka 1983! Sisi kikundi tumeanza mwaka 2015, na tuliposimuliwa jambo hilo tulishangaa kama habari ya juzi. Sheria ilikuwepo miaka yote. Haikuwa na nauli ya kufika Sikonge.

MLANGO WENYE KUFULI TATU

Wanachama wenzetu, tumejifunza kwa maumivu kwamba mlango wa haki ni kama sanduku letu. Una kufuli tatu, na ukiwa na funguo mbili bado hujafungua.

Kufuli ya kwanza ni karatasi. Mwenzetu alipokwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, alitakiwa cheti cha kifo. Hakuwa nacho, hakuna aliyekifuatilia tangu msiba. Alitakiwa aonyeshe kwamba alikuwa mke. Cheti cha ndoa kilibaki katika ile nyumba aliyofukuzwa. Wakataka na muhtasari wa kikao cha ukoo, na ukoo ndio huo huo uliomfukuza. Kuhusu shamba, walilinunua yeye na mumewe, lakini mauziano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, bila kupitia serikali ya kijiji, na jina ni la mume peke yake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao lazima wawe wanawake. Haya yote yapo. Lakini hakimu haamui kwa machozi, anaamua kwa ushahidi, na ushahidi mwingi ni karatasi.

Kufuli ya pili ni siku. Haki ina kalenda yake kama kilimo. Ukipanda tumbaku mwezi wa nne usimlaumu bwana shamba. Asiyeridhika na uamuzi wa baraza la ardhi na nyumba la wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Msimamizi wa mirathi anatakiwa ndani ya miezi minne aipelekee mahakama orodha ya mali na madeni ya marehemu, na msimamizi si mwenye mali, ni mgawaji tu. Hili la mwisho walisikie vizuri na akina baba wanaodhani kuteuliwa ni kurithi.

Tena utaratibu hubadilika. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Usipopatikana usuluhishi ndani ya siku 30, mtu anaweza kwenda baraza la wilaya. Mwaka huo huo wa 2021 ilipitishwa sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza. Tulipolisikia hilo mama mmoja alisema, "Wangeliwahi miaka mitatu tu!" Tukacheka, lakini kicheko cha uchungu.

Na msidhani kuponzwa na karatasi ni kwetu tusiosoma peke yetu. Kuna wajane wawili, katika shauri lililohusu mila ya Kisukuma, majirani zetu hawa. Walifukuzwa na wakwe pamoja na watoto wao wadogo. Mila zilizoandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963 hazikumpa mjane urithi kwa mume. Alitakiwa aangaliwe na watoto wake. Wakasaidiwa na WLAC kwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila ile inabagua, lakini ikasema si kazi yake kuibadilisha. Wakakata rufaa. Wakangoja mpaka mwaka 2010, rufaa ikaondolewa kwa sababu amri iliyoandikwa na mahakama yenyewe ilikuwa na kasoro ya tarehe. Tarehe tu! Ndipo wakafika mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikasema haki zao zilivunjwa, wafidiwe, na sheria ibadilishwe. Mwaka 2015 ndio mwaka tuliofungua sanduku letu. Wao walikuwa na mawakili wazuri, na bado ilichukua miaka kumi. Je, yule anayekwenda peke yake?

Kufuli ya tatu ni nauli. Msaada wa kisheria ni bure, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe hata ada ya mahakama. Lakini gari halijui kwamba wewe ni mjane. Mwenzetu alikwenda na kurudi mara kumi na moja, tumezihesabu. Kuna nauli, kuna kutoa kopi, kuna picha za pasipoti, kuna chakula, kuna kulala pale shauri linapoahirishwa jioni. Na kila siku aliyokaa kwenye benchi ni siku ambayo hakuuza maandazi. Watu wengi hawashindwi kesi, wanaishiwa nauli.

Wazee wetu Wanyamwezi walisifika kwa kubeba mizigo kwa miguu kutoka Unyanyembe hapo Tabora mpaka Bagamoyo. Hakuna aliyekwenda peke yake, walikwenda kwa msafara. Njiani kila nchi ya mtemi walitozwa hongo, na wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita. Leo neno ni hilo hilo, maana imegeuka. Lakini jambo moja halijabadilika, kwamba anayepita peke yake ndiye anayetozwa kirahisi. Mama akiwa na wenzake wawili mlangoni, mwenye tamaa anaona haya. Na akiombwa rushwa, taarifa ipelekwe TAKUKURU kwa namba 113, kupiga ni bure.

ILIVYOKWISHA

Mtauliza, mama alipata shamba? Tutasema kweli yote, siku ya sherehe isitufanye tuongeze chumvi.

Msaidizi wa kisheria alimwandikia orodha ya vitu vya kutafuta. Sisi tuligawana kazi: wawili walifuatilia cheti cha kifo, mmoja alikwenda kuomba nakala ya cheti cha ndoa kanisani walikofunga, na wengine tulikwenda kutoa ushahidi kwamba tulimjua kama mke kwa zaidi ya miaka ishirini. Shemeji aliweka pingamizi. Mwaka 2023 mahakama ikamteua mama kuwa msimamizi wa mirathi. Mwaka 2024 wakakaa tena mbele ya baraza la kata, safari hii kwa usuluhishi. Shemeji alikuwa ameshauza ekari mbili kwa mtu aliyejenga. Mama alichoka. Akakubali ekari nne na nafasi ya nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa imeanguka mvua za miaka mitano bila mtu wa kuiezeka.

Tulimsindikiza siku ya kukabidhiwa. Alizunguka mipaka, akasimama mahali pamoja akitafuta kitu. Tukamuuliza, unatafuta nini? Akasema, "Hapa palikuwa na mwembe, tuliupanda na marehemu mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza." Ulikatwa, ukawa kuni za bani la tumbaku. Baraza linaweza kurudisha ardhi, lakini mwembe wa miaka ishirini haurudishwi na hukumu. Ndiyo maana tunasema, kuchelewa nako ni dhuluma, na katika kuchelewa huko sisi kikundi tulichangia kwa ule ushauri wetu wa kuvumilia. Mama, tunakuomba radhi mbele ya umati huu.

MAJIBU KWA WANAOTUSEMA

Wapo wanachama waliosema sanduku la fedha si sanduku la kesi, tukianza hivi fedha zitakwisha. Tunawaheshimu kwa hofu yao. Tunawajibu hivi: mwenzetu alipofukuzwa alikuwa na mkopo wetu. Alishindwa kurejesha kwa miaka miwili, kwa sababu shamba ndilo lililokuwa linalipa. Dhuluma iliyompata yeye iliingia mpaka kwenye hisa zetu.

Wapo akina baba wanaosema tunafundishana kushtaki waume. Baba zetu, haikuwa hivyo. Mirathi ile ilihusu mume aliyempenda mkewe, naye alikufa bila wosia na bila karatasi. Angejua yatakayompata mkewe asingelala usingizi kaburini. Kumwandika mke kwenye hati si kumwogopa, ni kumsitiri. Tena msaidizi wa kisheria si wa wanawake tu. Mwaka jana alimsaidia kijana wa mmoja wetu aliyekamatwa, ndugu hawajui hata dhamana inaombwaje. Alimsaidia na mzee mmoja aliyezungushwa malipo yake ya asali na mnunuzi. Mtoto wa kiume akiwa mahabusu, anayelia ni mama. Lakini anayetakiwa kutafuta mdhamini mara nyingi ni baba.

TULIYOAZIMIA

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa hiyo katika mkutano wetu mkuu tuliazimia mambo manne, na tunayasoma mbele yako ili tusije tukayakana.

Kwanza, kila mwanachama alete nakala za karatasi zake muhimu ndani ya mwaka huu: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za shamba na nyumba. Nakala zitakaa katika sanduku la pili, nalo lina kufuli tatu. Asiye na cheti tutamsindikiza kukitafuta angali hai mwenzi wake.

Pili, tumeanzisha mfuko wa nauli ya haki. Kila mwanachama atatoa shilingi mia mbili kwa wiki. Fedha hizo si za kulipa wakili wala za kumpa mtu mkononi, ni za nauli, kopi na chakula, na risiti italetwa.

Tatu, hakuna mwanachama kwenda barazani au mahakamani peke yake. Wawili watamsindikiza, kwa zamu, kama tunavyofanya msibani.

Nne, karatasi yoyote yenye muhuri itasomwa ndani ya siku saba na mtu anayejua kusoma alichoandikiwa. Hakuna tena kuweka hukumu chini ya kanga.

OMBI LETU

Kwako Mgeni Rasmi na kwa wahisani wetu, hatuombi gari wala jengo. Yule msaidizi wa kisheria hana mshahara. Anafuata watu kwa baiskeli yake, anatoa kopi kwa fedha ya mfukoni mwake, anasikiliza wateja kwenye kibaraza cha duka, ambapo mama hawezi kusema mambo ya chumbani watu wakipita kununua chumvi. Tunaomba apewe chumba kimoja chenye mlango katika ofisi ya kata, meza, viti viwili na karatasi. Sheria imemtambua, basi tusimwache asimame juani.

Tumalizie hapa, ngoma na pilau vinangoja. Miaka kumi iliyopita tulijifunza kwamba fidia mia mia za akina mama ishirini na watano zikikaa pamoja zinakuwa mtaji. Miaka kumi ijayo tunataka tujifunze kwamba na sauti ndogo ndogo zikikaa pamoja zinasikika mpaka mahakamani. Na yule mwenzetu, tunapenda mjue, msimu huu amepanda karanga ekari moja na nusu, na mpakani mwa shamba ameotesha miche mitano ya miembe. Yeye anasema hataila, wataila wajukuu. Hati ya shamba anaishughulikia, na safari hii majina ya watoto wake wa kike nayo yatakuwemo.